Asubuhi Bwawa la Likwambi Liliposali

Ninyi vijana mnaosomea uvuvi, iko siku mtapelekwa kijijini, na mtu atakuja kuwaambia kuna samaki anatembea njiani. Msimcheke. Mimi nilimcheka dereva wa bodaboda aliyekuwa ananipeleka Likwambi, pale aliposimamisha pikipiki katikati ya njia ya matope na kukataa kuendelea.

"Mama, angalia mwenyewe," akasema.

Nikaangalia. Kambale mnene kama mkono wangu alikuwa anavuka njia. Anajikunja kulia, anajikunja kushoto, anajisukuma kwa miiba ya mapezi juu ya majani yenye umande. Nyuma yake alikuwepo mwingine. Nyuma ya huyo majani yalikuwa yanachezacheza mpaka mbali, na hapakuwa na upepo.

Nitawaeleza walikuwa wanakimbia nini. Kwanza mnijue.

Naitwa Editha. Nimestaafu, naishi Ifakara, nafuga kuku na kugombana na majirani kwa sababu ya kuku hao. Kwa miaka mingi nilikuwa mtumishi wa uvuvi katika bonde hili la Kilombero. Watu wa huku humwita mtumishi wa namna hiyo bwana samaki, na hawakuona sababu ya kubadilisha jina eti kwa kuwa safari hii aliyeletwa amevaa kitenge. "Shikamoo bwana samaki," watoto walinisalimia, nami niliitikia marahaba. Baadaye nikawa Mama Samaki, na hilo ndilo jina nililostaafu nalo.

Kazi nilifundishwa upande mmoja tu: nyavu. Macho ya wavu yakiwa madogo mno, wavu unakamatwa. Yakiwa ya kutosha, mvuvi anaachwa. Hayo nayo yana ufundi wake, na msiyadharau. Pimeni wavu ukiwa umelowa, maana ukikauka hujikunja na mtagombana na mtu bila haki. Kabla ya kuomba kuona nyavu, salimieni, ulizeni habari za wagonjwa, halafu jisogezeni taratibu hadi kwenye kichanja cha kukaushia. Wavu hufichwa. Samaki aliye juu ya moshi hafichiki. Mkikuta perege wadogo kama kiganja cha mtoto wamepangwa pale, mnajua kilichowatoa majini hata kama kambi nzima inaapa.

Mzee mmoja, aliponiona nashuka kwenye baiskeli, alikalia kiroba na hakusimama tena. Hata kunipa mkono alinipa akiwa amekaa. Nikakaa naye. Tukaongea mvua, tukaongea watoto wake, tukaongea nguruwe wanaoharibu mashamba. Chai ikaletwa, nami nikamsihi aongeze. Kwa adabu yake alikunywa kikombe juu ya kikombe, mpaka mwili ukamshinda. Alipochomoka mbio kwenda vichakani, chandarua kilichoshonwa kuwa wavu kilikuwa kinamwagika kutoka kwenye kiroba. Aliporudi alicheka mwenyewe. "Mama Samaki, umenikamata kwa chai!"

Huo ndio upande niliofundishwa ofisini. Upande mwingine nilianza kuuona kwa Bibi Apolonia.

Alikuwa Mndamba, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kugomba hata anapokukaribisha chakula. Kazi yake ilikuwa kusuka migono, mitego ya fito inayofanana na chupa kubwa, na kuitega mwenyewe pembezoni mwa Bwawa la Likwambi. Mara ya kwanza kunipakia kwenye mtumbwi wake nilisimama ili nionekane mzoefu, nikaanguka majini na viatu vyangu vya mpira vikajaa. Alinivuta kwa ukosi huku akicheka hadi machozi, kisha akaniambia kitu nilichokitumia mpaka mwisho wa kazi yangu.

"Ukifika kwenye maji usianze kuangalia maji, mwanangu. Angalia kwanza wanaokula humo."

Alimaanisha mdiria, yule ndege wa bluu anayejitupa majini kama jiwe. Alimaanisha fisi maji, mnandi mpiga mbizi, korongo, vyura. Wakiwepo, bwawa lina afya. Wakianza kuondoka, samaki wanafuata, hata kama nyavu bado zinajaa. Alikuwa na mambo mengine ambayo sikuyakubali. Aliamini mtu akipiga mluzi ndani ya mtumbwi, wafu wa majini hujibu. Tulibishana sana juu ya hilo, naye hakushinda wala mimi sikushinda.

Likwambi liko chini ya kijiji cha Michenga, mahali ambapo zamani mto ulipita, kisha ukahama na kuacha kipande chake nyuma. Mkono mmoja mwembamba wa maji uliunganisha bwawa na mto. Mvua zikijaa, samaki waliingia kwa mkono ule kwenda kutaga kwenye matete. Maji yakianza kupungua, walitoka na watoto wao. Viboko walilala bwawani mchana, na kwa kupita kwao kila siku waliuweka wazi ule mkono usizibe. Hakuna aliyewaajiri. Walikuwa wanapita tu.

Halafu mambo yakaja moja baada ya jingine. Viboko walikanyaga mpunga, wakafukuzwa, waliorudi wakapigwa risasi. Matete yalichomwa ili mashamba yafike ukingoni. Pampu zikaletwa, zikavuta maji kiangazi. Dawa za kuua wadudu zikatiririka. Ng'ombe wakakanyaga ukingo ukawa uji. Na kila jambo lilikuwa na mwenyewe ofisini: mpunga ulikuwa na bwana shamba, ng'ombe walikuwa na bwana mifugo, viboko walikuwa na watu wa wanyamapori. Mimi nilikuwa na macho ya nyavu. Tulipishana njiani kwenye pikipiki tukapungiana mikono, kila mtu na fungu lake la bwawa lile lile.

Nyavu nazo ziliongezeka mwaka hadi mwaka. Samaki wakubwa waitwao kitoga, wale ambao zamani mtu mmoja hakuweza kuwabeba kwa mikono miwili, wakawa hadithi. Na mamba, ambao chakula chao kilikuwa hao kitoga, wakaanza kusogea penye ndoo za wateka maji.

Hapo ndipo niwataje Mashaka na Zaituni. Mashaka alizaliwa Kigoma. Alikuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, na kazi ilipokwisha akashuka bondeni na mkewe, binti yao mdogo Rehema, na nyavu mpya. Watu wa kambi ya wavuvi pale bwawani waliwapenda. Mashaka alikuwa fundi wa kushona nyavu, na Zaituni alikuwa na sauti. Akiimba wakati wa kupara samaki, hata kina mama wa vibanda vya mbali walinyamaza wamsikilize. Kiangazi kimoja Rehema alikwenda kuteka maji na wenzake. Ndoo ilipatikana. Hakukupatikana kitu kingine cha kuzika.

Tangu siku ile Zaituni hakuimba. Na Mashaka akaanza kuvua kama mtu anayedai kitu. Mvua zilizofuata zilipoanza kupungua, akaziba ule mkono wa maji. Alisimika miti, akatandaza nyavu, akashindilia viroba vya udongo, ili samaki wote walioingia kutaga wasirudi mtoni. Nilimkuta amesimama juu ya tuta lake, tope hadi kiunoni.

"Karibu, Mama Samaki. Pima," akasema. "Macho ya nyavu zangu ni makubwa kuliko sheria inavyotaka."

"Nimeona, Mashaka. Lakini umewafungia mlango. Samaki huwezi kuwafungia hivi."

"Hili ni tuta la maji. Waulize wenye pampu."

Nikawauliza. Wakasema ndiyo, wao ndio waliomwomba, maji yasikimbilie mtoni na kuacha mpunga mkavu. Nikaenda kwa bwana shamba. Akasema tuta ni la kilimo, nimwachie yeye. Nikaandika taarifa, ikapelekwa mahali, ikakaa. Nilimrudia Mashaka, safari hii bila kipimo, nikamwomba kama mtu na mdogo wake.

"Bwawa hili limechukua langu," akasema. "Acha nami nichukue lake lote."

Nikarudi Ifakara.

Baada ya wiki kadhaa Bibi Apolonia akanipigia simu. Hakuipenda simu, na aliamini lazima upige kelele ili sauti ifike Ifakara. Lakini siku ile aliongea taratibu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Editha, njoo. Bwawa linasali."

"Linasali nini, bibi?"

"Kama rozari. Alfajiri. Sauti nyingi, za chini, zinajibizana. Katekista alikwenda kusikiliza. Amerudi, hataki kusema. Watu wanahama."

Nililala Michenga, na kulipopambazuka nikachukua bodaboda. Ndipo tukakutana na kambale njiani. Dereva alinishusha pale pale, akageuza pikipiki, nikamaliza safari kwa miguu, nikiangalia ninapokanyaga. Kambale hawakunikwepa. Walipita kando ya viatu vyangu wakielekea mtoni, kimya, na mgongo wa kila mmoja umebandikwa majani na mchanga. Wengine walikuwa wamekauka wakafia njiani, na hakuna mbwa wala kunguru aliyewagusa.

Kambini vibanda vingi vilikuwa wazi na vitupu. Vichanja havikuwa na moto. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona ukingo wa bwawa. Bibi Apolonia alikaa mlangoni kwake, amejifunika blanketi, rozari yake mkononi.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. Toka hapo nimejaribu kuwaeleza watu ile sauti, na sijapata. Ilikuwa kama kanisa lililojaa, watu mamia wakinong'ona sala ile ile, lakini kila mmoja amechelewa kidogo kuliko mwenzake. Ilipanda, ikashuka. Ilikuja kutoka upande wote wa maji kwa pamoja. Na zaidi ya hiyo hapakuwa na sauti nyingine. Hapakuwa na chura, wala ndege, hata mbu. Mtu aliyekaa bondeni hapa kiangazi anajua maana ya kukaa kando ya maji bila kusikia mbu.

Nilishuka hadi ukingoni nikiwa nimeshika mkono wa Bibi Apolonia, au yeye ameshika wangu. Maji yalikuwa yamevutwa na pampu hadi kupungua sana na kuwa meusi, yananuka kama yai bovu. Na juu yake, mpaka macho yalipoishia kwenye ukungu, kulikuwa na midomo. Perege wadogo kwa wakubwa walikuwa wameelea wamesimama wima, midomo juu, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Hewa ilikuwa imekwisha majini. Mizizi ya matete iliyochomwa ilikuwa inaoza chini, jua limeyachemsha maji machache yaliyobaki, samaki wamesongamana bila njia ya kutokea, na alfajiri ndiyo saa ambayo maji huwa na hewa kidogo kuliko saa zote. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana alitembea akaondoka. Perege hawezi. Anabaki anaomba.

Nilimweleza Bibi Apolonia hivyo kwa kunong'ona. Nilikuwa najua sababu yake, na bado nywele zilinisimama. Yeye alitikisa kichwa. "Sawa, ni samaki," akasema. "Lakini ni nani aliyewafundisha kuomba hivyo?"

Wakati huo Mashaka alitokea nyuma ya vibanda, kifua wazi, anaita jina la mkewe. Hakupaza sauti. Aliita kana kwamba anaogopa bwawa lisije likasikia.

"Zaituni. Zaituni. Mama Samaki, umemwona Zaituni? Nimeamka hayupo."

Bibi Apolonia ndiye aliyemwona. Alinyoosha mkono tu. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, na mbali, mahali ambapo maji bado yalikuwa na kina, Zaituni alikuwa amesimama ndani hadi kifuani. Kanga yake ilielea pembeni yake. Midomo ya samaki ilimzunguka, mingine inamgusa mabegani. Kichwa alikuwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Nyuma yake kidogo, juu ya maji, mamba wawili walikuwa wamelala. Samaki walikuwa wanapapasa hadi kwenye mataya yao, nao hawakuwatafuna. Sasa najua walikuwa wameshiba mpaka hawawezi tena. Asubuhi ile sikujua. Nilichoona ni mamba walionyamaza kama waumini, na mwanamke katikati yao.

Nilitaka kupiga kelele. Bibi Apolonia akaniziba mdomo kwa kiganja.

Mashaka aliingia majini. Hakukimbia, maana tope lisingemruhusu, na nadhani hata bila tope asingekimbia. Alikwenda hatua kwa hatua, mikono juu, samaki wanampisha na kujifunga tena nyuma yake. Alipomfikia hakumvuta. Alisimama kando yake. Tuliona anamsemesha. Tuliona Zaituni anaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Basi akanyamaza, wakasimama wote wawili wanasikiliza, na mmoja wa wale mamba akageuka polepole hadi pua yake ikawaelekea.

Sijui walikaa vile muda gani. Jua lilianza kuingia kwenye ukungu, na sauti ikaanza kufifia, upande huu kwanza, kisha upande ule. Samaki walikuwa wanakufa. Zaituni alianza kulia kwa nguvu, na hapo Mashaka akamshika kiunoni, wakarudi kinyumenyume hadi nchi kavu.

Alimlaza mapajani kwa Bibi Apolonia. Kisha, bila kusema na mtu, akachukua jembe akaenda kwenye tuta lake.

Mvua ya mlimani ilikuwa imenyesha, na upande wa pili wa tuta mto ulikuwa juu kuliko bwawa. Mashaka alipiga viroba, akapiga miti, akakata kwa panga nyavu alizozishona kwa mikono yake. Vijana wenye pampu walikuja wanagomba, "Unatumalizia mpunga wewe!" Hakuwatazama. Nilivua viatu nikaingia nikang'oa viroba pamoja naye. Ofisi ya nani inahusika, siku ile sikuuliza. Tuta lilipoachia, maji ya mto yaliingia kwa kishindo, mekundu na ya baridi, yakamwangusha Mashaka chini. Na samaki waliokuwa bado hai wakayaelekea maji yale yakiingia, vichwa mbele, wengi kuliko nilivyotegemea, lakini wachache sana kuliko waliokuwa wamegeuka tumbo juu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa sababu watu wakisimuliwa hadithi hii huishia pale kwenye kishindo.

Bwawa halikupona. Kwa misimu kadhaa lilikaa kimya. Maji yalikuwepo, mtu angepita angeona bwawa zuri, lakini ukikaa ukingoni masikio yanakuuma kwa kutafuta sauti. Wanawake walikataa kuteka maji pale hata mchana. Mamba walihamia mtoni, kwenye vivuko vya vijiji vingine, na habari mbaya zikaanza kutoka huko.

Kilichobadilika ni kwamba habari za asubuhi ile zilifika kila mahali, na kwa mara ya kwanza tulikaa kikao kimoja: wavuvi, wenye mpunga, wafugaji wa Kisukuma waliohamia upande ule, bwana shamba, bwana mifugo, watu wa wanyamapori, na mimi. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa matusi. Cha pili mfugaji mmoja mzee alisema ng'ombe wake pia walikuwa wamekataa maji ya Likwambi, na hapo mwenye pampu akanyamaza akaanza kusikiliza. Tukakubaliana mambo ya kuchosha, yasiyo na sifa: matete yaachwe yarudi, mashamba yasogee nyuma, pampu zisivute maji yakifika alama fulani, ng'ombe wanywe mahali pamoja, mkono wa maji usizibwe na mtu yeyote, na bwawa lipumzike lisivuliwe mpaka vyura warudi. Hilo la vyura alilisema Bibi Apolonia, na wataalamu wa wilaya waliliandika kama alivyosema.

Mashaka ndiye aliyekuwa anafagia ule mkono, anaondoa magugu yanayoziba. Kazi ya viboko, alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Bibi Apolonia alifariki kabla ya kuona mwisho wa kazi hiyo, lakini vyura aliwasikia. Mkwe wake alimbeba mgongoni jioni moja hadi ukingoni akawasikie.

Perege wamerudi. Mdiria amerudi. Kitoga bado, na siwadanganyi, huenda hawatarudi. Mkipangiwa kazi huko mtakuta nyavu, pimeni nyavu. Lakini mkimaliza kupima, kaeni chini kimya, mjiulize nani mwingine anakula hapa, nani anakunywa, na nani ameacha kuja.

Kabla sijastaafu nilikwenda kuwaaga. Zaituni alinipikia ugali na perege wa Likwambi, nami nikaona yeye mwenyewe anakula kwa maharage. Tulipobaki wawili nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu.

"Mwanangu, asubuhi ile ulifuata nini majini?"

Aliosha mikono taratibu.

"Nilimsikia Rehema ananiita, mama. Mashaka naye alimsikia. Ndiyo sababu hakunivuta."

"Zilikuwa sauti za samaki, Zaituni. Hewa ilikuwa imekwisha."

"Najua. Mlitueleza, na nimekubali," akasema bila hasira. "Lakini hakuniita Zaituni, wala mama. Aliniita jina tulilokuwa tunaitana sisi wawili tu, tukiwa peke yetu ndani. Hata baba yake alikuwa halijui. Alilisikia siku ile kwa mara ya kwanza, na tulipotoka majini akaniuliza maana yake."

Nje vyura walikuwa wanapiga kelele kiasi kwamba ilibidi tusogeleane ili tusikilizane. Nilimsaidia kukusanya vyombo, tukaviosha pamoja, kila mmoja ameipa mgongo njia inayoshuka bwawani.